"Watete" ni watu gani?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Makambako. Tangu utotoni tunashikana mikono, tunazunguka na kuimba: "Ukuti, ukuti, wa mnazi, wa mnazi, ukipata upepo, watete, watete, watetemeka." Juzi mpwa wangu wa darasa la pili kaniuliza, "Mjomba, Watete ni kabila la wapi?" Nikakosa jibu, maana hata mimi nilidhani ni watu, au pengine matete ya kule mtoni. Wenzake shuleni wanaimba "watete wote wanatetemeka". Lipi sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, mpwa wako ana sikio zuri, na kosa lake lina sababu.

Hakuna Watete. Neno ni moja tu, "watetemeka", na wimbo umelikata ili lipatane na mapigo: watete, watete, kisha ndipo linakuja zima. Mkato huo ndio unaodanganya. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka neno zima polepole: wa-te-te-ME-ka. Sasa likate: wa-TE-te. Mkazo umehama, na kipande kimeanza kusikika kama neno lililokamilika. Linganisha na wa-HE-he, wa-BE-na. Mtoto wa Makambako, mwenye majirani Wabena na Wahehe, asikie nini tena hapo kama si kabila?

Halafu kuna hiyo "wa" ya mwanzo. Si ya "wao". Ni "u" ya ukuti iliyokutana na "a" ya wakati: u + a + tetemeka. Katika mazungumzo ya kila siku huku kwetu tunasema "unatetemeka", kwa hiyo "a" hii imetuponyoka mdomoni. Lakini haijafa. Fungua gazeti lolote usome vichwa vya habari: "Bei ya mahindi yapanda", "Mkutano waahirishwa", "Mto wafurika". Hakuna anayesoma "Mto wafurika" akauliza ni akina nani waliofurika. Anajua ni mto. Basi na ukuti ni hivyo hivyo.

Kinachonifurahisha zaidi katika wimbo huu ni kwamba ukuti, yaani jani la mnazi, hautoki machoni tangu mwanzo hadi mwisho. "Wa" ya "wa mnazi" ni yake. "U" ya "ukipata upepo" ni yake pia, ingawa watoto wengi hudhani mtu anaambiwa "wewe" ukipata upepo. Na "wa" ya "watetemeka" ni yake. Jani moja linaburuta sentensi nzima. Ukitaka kuhakikisha, weka wingi: makuti ya mnazi yakipata upepo, yatetemeka. Kama kweli ni watu wanaotetemeka, "wa" isingegeuka "ya" kwa sababu tu majani yameongezeka.

Kwa hiyo "watete wote wanatetemeka" haifai. Imeleta watu wasiokuwamo na kuufukuza ukuti kwenye wimbo wake mwenyewe. "Unatetemeka" ingekuwa sahihi kisarufi, ila ina silabi sita badala ya tano, na miguu ya wachezaji ingepotea.

Matete nayo nakuelewa. Wimbo ni wa pwani, na huku juu kwenye baridi minazi hatuna. Walio Kyela angalau wana michikichi ya kutazama. Mtoto akiimba kitu asichowahi kukiona, sikio lake hutafuta kilicho karibu, na karibu yenu kuna mto wenye matete. Ndiyo maana nadhani maelezo yangu ya "u" na "a" hayatamtosha mtoto wa darasa la pili. Mtoe nje upepo ukivuma, mtafute mgomba, mwonyeshe jani lililochanika vipande vipande linavyocheza. Mgomba nao huchukua "u", kwa hiyo maneno yanakaa bila kubadilisha kitu: mgomba ukipata upepo, watete, watete, watetemeka. Imbeni hivyo mara mbili tatu, kisha mrudishe kwenye ukuti.