Mjomba anataka kuuza mikorosho

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 41. Mwaka jana alipasuliwa uvimbe wa ubongo Muhimbili, akapigwa mionzi Ocean Road. Majibu ya nyama iliyopimwa yaliandikwa glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Sasa umerudi, mkono wa kulia hauna nguvu. Mjomba ameona video ya tiba ya seli za kinga zinazotengenezwa maabara, na dalali anadai amana. Mjomba yuko tayari kuuza shamba la mikorosho. Tena wameambiwa deksamethasoni inaua hizo seli, kaka ameacha vidonge tangu juzi. Tufanyeje?
Dada mtu, Masasi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na vidonge, maana hilo halingoji. Mpelekeni hospitali ya Mkomaindo leo hii, hata akisema yuko sawa, na msikisie dozi nyumbani. Deksamethasoni hupunguza maji yanayojaa kandokando ya uvimbe. Ikikatwa ghafla ubongo unaweza kuvimba. Akitapika, akisinzia kupita kiasi au akipata degedege, msisubiri kuche. Ni kweli hiyo dawa hudhoofisha seli za kinga, ndiyo maana watafiti huangalia sana dozi yake. Lakini wa kuipunguza ni daktari, kidogo kidogo.

Tiba yenyewe ipo, si porojo. Mgonjwa huchujwa seli T, yaani seli za kinga, kwenye damu yake, maabara wakazipandikizia jeni ya kuzifanya zitambue alama fulani juu ya seli za saratani, wakazizalisha kwa mamilioni. Kwa ubongo, mara nyingi hurudishwa kupitia kifuko kidogo kilichowekwa chini ya ngozi ya kichwa, chenye mrija unaofika kwenye maji ya ubongo. Mwaka 2024 madaktari wa Boston, Marekani, walieleza wagonjwa wao 3 wa mwanzo. Kwa mama wa miaka 57, uvimbe ulikaribia kutoweka kwenye picha siku 5 tu baada ya dozi moja! Niliposoma nilisisimka. Kisha nikasoma kwamba kwa wawili kati yao uvimbe ulianza kukua tena. Seli za uvimbe huu hazifanani: zenye alama hufa, zisizo nayo hubaki zikaongezeka. Hilo sidhani kama mjomba alionyeshwa.

Kwa hiyo bado ni majaribio. Mtafiti wa kweli haanzi na amana. Anaanza kwa kuuliza majibu ya nyama, MRI na dozi ya deksamethasoni. Dalali ameuliza lipi kati ya hayo?

Mjomba mpe salamu zangu za heshima, umwombe asiuze kwanza. Kaka akitulia, bebeni picha zote, za zamani na za sasa, mrudi kwa waliompasua. Waulizeni kama anaweza kupasuliwa au kupigwa mionzi tena. Ulizeni pia mazoezi ya huo mkono; naona kwenye barua hakuna aliyeyataja.