Usipige lipu ya saruji kwenye godauni la zamani

Godauni letu liko jirani na reli ya zamani, ile ya Wajerumani iliyofika Dodoma mwaka 1910. Kuta ni za matofali ya kuchoma, nene kiasi cha mtu mzima kukaa dirishani akanywa chai bila wasiwasi. Tangu treni ya SGR ianze kuja huku mwaka 2024 watu wananishauri nilibomoe, nijenge fremu za maduka. Nimekataa, ila mimi mwenyewe nilikaribia kuliua.

Niliona unga mweupe ukutani, chini karibu na sakafu. Fundi akasema dawa yake ni lipu nzito ya saruji. Nikalipa. Mvua za msimu wa pili hazijaisha, lipu ikafutuka, ikaanguka na nyuso za matofali.

Kumbe majengo mengi ya aina hii hayana kizuizi cha unyevu juu ya msingi. Maji hupanda kutoka ardhini na chumvi yake, yakatokea taratibu kwenye maungio ya chokaa na kukaukia nje. Ukiziba kwa saruji yanabaki ndani, na chumvi ikikaukia humo inapasua tofali. Ule unga ulikuwa chumvi hiyo, ya kufagia tu kwa brashi kavu!

Fundi wa pili, mzee, alibandua lipu yote kwa patasi na subira. Akachanganya chokaa ndoo moja, mchanga uliochekechwa ndoo tatu, maji kidogo. Shida ikawa upepo wetu, unaokausha mchanganyiko kabla haujashika. Ikabidi tufunike ukuta kwa magunia yaliyolowa karibu wiki nzima, na mimi ndiye niliyekuwa nayamwagia maji alfajiri. Chokaa haikunitoa jasho la pesa; fundi anayekubali kazi ya polepole ndiye utakayemtafuta.

Matofali ya kuziba mapengo usinunue mapya, vipimo havitalingana. Subiri mahali panapobomolewa, kisha ligonge kila moja kwa jingine: lililoiva hulia kama chuma, bichi hutoa sauti ya kufa. Nilipata mia mbili na kidogo Chang'ombe. Yaliyobaki nimeyapanga nyuma ya godauni, na bado watu wanagonga geti kuuliza kama nauza. Siuzi.