Tulicheka wote, lakini ile ilikuwa raba ya nani?

Safari hii nimeweka pamoja maswali manne, yote yanahusu yale matangazo ya kuchekesha ya viatu vya michezo yanayopita kwenye tivii. Nimefurahi sana kuyapata maana hili jambo nalipenda toka zamani, naangalia matangazo vile wengine wanavyoangalia mechi, na nikipenda moja naliongelea wiki nzima.

SWALI: Dada habari za kazi. Kuna tangazo la raba, kila likipita nyumba nzima inaangua kicheko, mpaka mama mkwe wangu ambaye huwa hacheki ovyo anataka aitwe likianza. Juzi nikasema ngoja nikanunue zile raba, nafika dukani nashindwa kutaja jina, nikampigia mume wangu hakumbuki, watoto hawakumbuki, kila mtu anakumbuka kichekesho tu. Hivi tatizo ni letu au ni lao?

JIBU: Ni lao dada yangu, tena wala hamko peke yenu. Mwaka 2003 huko Marekani, kwenye fainali ya ule mpira wao wa kushika mikononi na kukumbana, fainali wanayoiita Super Bowl, Reebok walirusha tangazo la jamaa anaitwa Terry Tate, pande la mtu, kavaa jezi ya mpira, kaajiriwa ofisini na kazi yake ni moja tu, kuwakumba na kuwabwaga chini wafanyakazi wanaozembea. Ukimaliza kahawa ukaondoka bila kuchemsha nyingine unashtukia uko sakafuni, jamaa kakusimamia anakufokea. Mwigizaji ni Lester Speight na alifanya kazi nzuri kweli, mpaka leo watu wanalitafuta lile tangazo waliangalie tena. Sasa jiulize, kiatu kina kazi gani humo ndani? Hakina. Mtoe Reebok uweke kampuni ya kahawa, au ya bima, au ya viti vya ofisini, tangazo linabaki vilevile na kicheko kilekile, na ndo kilichowapata nyie hapo nyumbani, mlipewa kichekesho kizuri ambacho hakikubeba kiatu.

Linganisha na lile la Nike la mwaka 1988, mojawapo ya yale ya mwanzo kabisa yenye kaulimbiu ya Just Do It, yaani fanya tu. Unamwona mzee wa miaka 80, Walt Stack, anakimbia kifua wazi juu ya daraja la Golden Gate kule San Francisco, anasema kila asubuhi anakimbia maili 17, hiyo ni kama kilomita 27. Halafu anasema watu huwa wanamuuliza, wakati wa baridi unafanyaje meno yasigongane? Anajibu, huwa nayaacha kabatini. Meno ya bandia! Hakuna mbwembwe hapo, hakuna mtu anayebwagwa, ni mzee na mbio zake na daraja, lakini kicheko kimetoka humohumo kwenye kukimbia, huwezi kukihamishia kwenye tangazo la kahawa kikaeleweka. Mi nikiangalia tangazo lolote la raba najiuliza swali hilo tu, nikikitoa kiatu kicheko kinabaki? Kikibaki najua watu watasahau jina.

Na kuhusu kununua, usihangaike kulitafuta hilo jina dada. Nenda dukani jioni, miguu inakuwa imevimba kidogo kwa shughuli za kutwa, jaribu ukiwa na soksi utakazokimbilia, simama, hakikisha mbele ya kidole kirefu inabaki nafasi kama upana wa dole gumba. Hayo ndo mambo ya kukumbuka ukiwa pale.

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mwanafunzi, nina mdogo wangu wa miaka saba. Kuna tangazo mtu akivaa raba anakimbia mpaka anapita magari halafu anaanza kupaa, sasa dogo kalia siku mbili anazitaka ili ashinde mbio za shuleni. Kaka yetu mkubwa anasema kampuni hiyo inatakiwa ishtakiwe kwa kudanganya watoto. Je ni kweli inaweza kushtakiwa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza swali kubwa kuliko unavyodhani.

Kutia chumvi mpaka kila mtu anajua ni chumvi, hiyo kwa kawaida haihesabiki kuwa udanganyifu, mtu mzima hawezi kwenda mahakamani kulalamika kwamba alinunua raba na hakupaa. Mwaka 2012 Skechers walirusha tangazo kwenye hiyohiyo Super Bowl, mna kijibwa kifupi kinene uso umejikunja, kinaitwa Mr. Quiggly, kimevalishwa raba ndogo miguu yote minne kinashindana na mbwa wa mbio wale warefu wembamba. Kinawaacha wote, na kikikaribia mstari wa mwisho kinageuka kinamalizia kwa kurudi kinyumenyume kama alivyokuwa akicheza Michael Jackson. Hakuna aliyeamini. Watu walicheka, na ona kwamba pale raba imo kabisa ndani ya kichekesho, ukimvua mbwa raba zake tangazo limekufa.

Lakini sasa sikia hii. Mwaka huohuo 2012, kampuni hiyohiyo ilikubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi na tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, na haikuwa kwa ajili ya mbwa. Ilikuwa kwa ajili ya viatu vyao vya soli nene iliyojikunja kama mtumbwi, ambavyo matangazo yalisema ukitembea navyo vitakupunguza uzito na kukaza misuli. Na mwaka mmoja nyuma, 2011, Reebok nao walikubali kulipa dola milioni 25 kwa viatu vyao walivyodai vinakaza misuli ya makalio na mapaja. Umeona tofauti iko wapi? Mbwa anayeshinda mbio ni utani na kila mtu anaujua, ila ukisema kwa sauti ya kidaktari kwamba kiatu kitakupunguza tumbo, mtu anaamini, anatoa hela yake, na hapo ndo inakuwa kesi. Kaka yako yuko sahihi kuchukia udanganyifu, ila kwa tangazo hilo mlilonalo nyie amelenga pasipo penyewe.

Kilichobaki ni dogo, na yeye ndo ana hoja kuliko wote, kwa sababu mtoto wa miaka saba hajui bado chumvi inaanzia wapi. Usimwambie kwamba tangazo ni la uongo ukamwacha hapo analia. Mpeleke nje, mpime muda akiwa na viatu alivyonavyo, kesho mpime tena, keshokutwa tena, aone mwenyewe namba zinashuka, na hakuna raba mpya iliyonunuliwa.

Halafu akikua muonyeshe yale matangazo ya mwishoni mwa miaka ya 80 ya Michael Jordan, yule mcheza kikapu wa Marekani, na Spike Lee. Spike ni mwongozaji wa filamu, humo anaigiza kama Mars Blackmon, mhusika aliyetoka kwenye filamu yake ya mwaka 1986, kijana mdogo mwembamba ana miwani mikubwa na mdomo haufungi. Anamwandama Jordan na swali moja, ni viatu eti? Ni viatu? Lazima ni viatu tu! Na Jordan, ambaye analipwa kuuza hivyo viatu, anajibu hapana Mars. Hapana. Hapana. Mwishoni yanatokea maandishi kwenye kioo yanasema maoni ya bwana Jordan si lazima yawe maoni ya Nike. Kwangu mimi hakuna tangazo la raba lililotungwa vizuri kuliko lile, kwa sababu mtu mkweli kuliko wote mle ndani ndiye nyota mwenyewe, kakataa kusema viatu ndo vinamrusha juu, na viatu vikauzika kupita kiasi. Yule Mars anayebisha ndo mimi na wewe na mdogo wako.

SWALI: Dada nataka kuwa mtunzi wa matangazo, hasa ya kuchekesha. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kwa kuangalia matangazo umezima sauti kabisa. Ukiweza kuelewa kichekesho bila neno hata moja, andika kwenye daftari kwa nini kimechekesha. Ukishindwa, washa sauti utafute ni neno lipi lilikuwa limebeba mzigo wote. Fanya hivyo kila siku, halafu jaribu kutunga lako la sekunde 30, ulisome kwa sauti huku unajipima kwa saa, utashangaa maneno yanavyojaa upesi. Na uwasomee watu wasiokupenda sana, rafiki zako watakucheka hata pasipochekesha.

SWALI: Dada mpendwa, naomba unisaidie maana nimegombana na mume wangu kwa kitu kidogo. Kuna tangazo la raba linaonyesha mzee wa kijijini hana viatu, vijana wanamletea raba, anazishangaa, anazinusa, anajaribu kuzivaa mikononi, anaziweka kichwani. Mume wangu kila akiliona anacheka mpaka machozi. Mwanzoni nilicheka na mimi, baadaye nikajisikia vibaya, nikamfikiria babu yangu. Nilipomwambia akasema sina utani. Je kweli nina kosa?

JIBU: Huna kosa hata chembe, na barua yako ndo iliyonifanya niandike safu nzima kuhusu raba.

Kuna tangazo lilirushwa Januari 1999, tena kwenye Super Bowl, na mnyororo wa maduka ya viatu wa kule Alabama ulioitwa Just For Feet. Anaonekana mkimbiaji wa Kenya anakimbia pekupeku. Nyuma yake wanaume weupe ndani ya gari la kijeshi wanafuata nyayo zake kama vile wanawinda mnyama, wanampa maji yaliyotiwa dawa, anaanguka amezimia, na akiwa amelala hajitambui wanamvisha raba. Anaamka anaziona, anapiga kelele, anakimbia huku anakung'uta miguu zimtoke. Mtu alikaa mezani akaandika hivyo, wenzake wakakubali, wakapiga picha, wakalipia, wote wakiamini inachekesha. Ilizuka hasira kubwa, magazeti yakawasema kwa maneno mazito, ya ubaguzi na ya kikoloni, na Just For Feet wenyewe wakaishtaki kampuni iliyowatengenezea tangazo, Saatchi & Saatchi, wakidai dola milioni 10. Mwaka haukuisha maduka yakaomba ulinzi wa kufilisika, ingawa hapo nisiwasingizie, kilichowaangusha ni mahesabu yaliyopikwa na wala sio tangazo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba aliyetunga lile hakujiuliza hata kidogo mguu mtupu una historia gani. Mwaka 1960 kule Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Olimpiki pekupeku kwa sababu viatu alivyopata havikumkaa vizuri, akamaliza kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16, hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia marathoni haraka hivyo. Miaka minne baadaye Tokyo akavaa raba na soksi, akashinda tena, kwa saa 2 na dakika 12, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Alivaa zilipomfaa, akaacha zisipomfaa. Ni mtu aliyechagua. Huyo wa kwenye tangazo hakupewa nafasi ya kuchagua, na mzee wa kwenye tangazo lenu naye hakupewa, kapangiwa ashangae basi anashangaa.

Sasa nikupe na lingine. Mwaka 1989 Nike walirusha tangazo la viatu vya kupandia milima, walilipiga picha Kenya, wamo wanaume wa Kisamburu. Mwishoni mmoja anaongea kwa Kimaa, lugha yao, huku anaangalia kamera, na chini yanatokea maandishi, Just Do It, kana kwamba ndo tafsiri ya alichosema. Watazamaji wa Marekani wakaamini. Ila kulikuwa na mwanaanthropolojia, yaani msomi wa tamaduni za watu, wa chuo kikuu cha Cincinnati, Lee Cronk, ambaye alikuwa anakielewa Kimaa, akasema jamani, huyu bwana hajasema hivyo. Anasema, hivi sivitaki, nipeni viatu vikubwa.

Nilipolijua hilo mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini, na nikagundua hapa sijisikii vibaya hata kidogo, na nadhani ndo jibu la swali lako, kwa sababu huyu Msamburu hachekwi, anayechekwa ni kampuni kubwa yenye hela zote zile ambayo haikufikiria kwamba mtu waliyemsimamisha kama pambo ana jambo lake la kusema. Walipoulizwa, msemaji wao alijibu kwamba walidhani hakuna mtu Marekani angejua kasema nini. Walidhani hivyo! Na yeye alikuwa anaongelea kiatu, kinambana, anataka saizi kubwa, ni kilekile ambacho mteja yeyote dukani angesema.

Kwa hiyo dada, usimnunie mume wako, na usimwambie tena kwamba tangazo ni baya maana atalitetea tu. Likirudi mwombe mkae pamoja, asiangalie raba wala wale vijana, amwangalie yule mzee usoni toka mwanzo mpaka mwisho, halafu muulize, kama angepewa nafasi ya kuongea, angesema nini?