Mwanangu anakwenda misheni Ghana, tutaongea lini?

Mama, wasiwasi wako nauelewa. Tangu Februari 2019 wamisionari wa Mormoni wanaruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki, siku yao ya maandalizi, mara nyingi Jumatatu. Siku hiyohiyo ndiyo ya kufua, sokoni na kunyoa, kwa hiyo kubalianeni saa kabisa; Ghana iko nyuma yetu saa tatu. Siku nyingine ni kuamka saa kumi na mbili na nusu, kusoma, halafu kuzunguka kuhubiri na mmisionari mwenzake mpaka usiku. Viatu vitaisha soli! Mpe jozi mbili imara. Ila ukisikia hapati usingizi, chakula hakishuki, analia kila simu, usimwambie avumilie tu: amweleze mapema rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wa huko, aonane na daktari.