Mwanangu anaitwa James: je, nimempa jina la kipagani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mwanangu wa kwanza anaitwa James, jina la marehemu baba yangu. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, amejiunga na kikundi kinachofundisha kwamba James ni mfalme wa Uingereza aliyejichomeka kwenye Biblia, na kwamba Yesu ni Zeus, mungu wa Wayunani. Anasema ubatizo wetu ni batili mpaka tubatizwe upya kwa jina la Yahushua, wanalosema ndilo jina halisi la Yesu. Wiki iliyopita alichukua cheti cha ubatizo cha mtoto akalikata jina kwa kalamu. Mume wangu ameanza kuyumba. Mimi silali.

JIBU: Milele asifiwe, binti yangu. Kilichoniuma zaidi katika barua yako ni ile kalamu. Mtu anakata jina la mtoto na la babu yake aliyelala kaburini, kwa fundisho ambalo hakulichunguza hata kidogo.

Habari ya mfalme haina mzizi. James alitawazwa Uingereza mwaka 1603, na Biblia yenye jina lake ikatoka 1611. Lakini William Tyndale alichapa Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1526, mfalme huyo hajazaliwa, na mtume aliyemo humo ni James. Tena kwao Scotland alikuwa James wa sita, watano walimtangulia.

Jina lenyewe ni Yakobo. Kwa Kiebrania ni Ya'akov, lenye neno la kisigino ndani yake, maana alizaliwa ameshika kisigino cha Esau (Mwanzo 25:26). Wayunani, ambao majina yao mengi ya kiume huishia na s, waliandika Iakobos. Kilatini kikasema Iacobus, watu wa kawaida wakalilegeza likawa Iacomus, Wafaransa wa kale wakalifupisha kuwa James, na Waingereza wakalichukua kwao. Ndiyo maana waraka ambao Mwingereza anauita wa James, wewe unausoma kama Waraka wa Yakobo. Baba yako alibeba jina la mzee wa makabila kumi na mawili.

Sasa nije kwenye jina la Bwana wetu, na hapa sitapunguza makali, kwa sababu wanaofundisha hivi wanawatoa watu kwenye amani yao.

Musa alimwita Hoshea mwana wa Nuni jina la Yoshua (Hesabu 13:16). Kwa Kiebrania ni Yehoshua, lenye maana ya Bwana kuokoa. Baada ya uhamisho wa Babeli Wayahudi wenyewe walilifupisha likawa Yeshua. Katika Nehemia 8:17 Kiebrania kinamwita mwana wa Nuni yule yule Yeshua, na Mungu hakumkemea mwandishi. Hilo "Yahushua" wanalolipigania silo Biblia ya Kiebrania inavyolisomesha.

Kisha Wayahudi, nasema Wayahudi, walipotafsiri Maandiko kwa Kiyunani, wakakuta lugha hiyo haina sauti ya sh. Wakaandika Iesous. Kitabu kizima cha Yoshua kikapewa jina hilo, zaidi ya miaka mia moja kabla Mariamu hajamzaa Bwana. Wapagani gani waliingiza jina la Zeus hapo? Hata Agano Jipya lina mtu mwingine mwenye jina hilo: "Yesu aitwaye Yusto" (Wakolosai 4:11), Myahudi, mtenda kazi pamoja na Paulo. Hakuna aliyemshuku kuwa Zeus.

Na Luka, mwandishi wa Matendo ya Mitume, anayafahamu majina yote mawili. Katika Matendo 14:12 watu wa Listra wanamwita Barnaba Zeu, yaani Zeus. Mstari wa 13 unataja kuhani wa Zeu, na Kiyunani hapo kinasema Dios, kwa kuwa ndivyo jina la Zeus linavyogeuka likitajwa kama mwenye mali. Jina la Yesu katika hali hiyo hiyo ni Iesou. Haya ni majina mawili yasiyo na undugu. Mtu anayeyaunganisha kwa sababu yanafanana mwishoni akiyasikia kwa Kiingereza, angeweza pia kusema mbuzi na ujuzi ni ndugu.

Wanasema jina halitafsiriwi. Bwana mwenyewe alimwita Simoni Kefa, kwa Kiaramu, na Yohana hapo hapo akaandika tafsiri yake, Petro (Yohana 1:42). Juu ya msalaba anwani ilikuwa kwa Kiebrania, Kirumi na Kiyunani (Yohana 19:20). Na Biblia yetu ya Kiswahili? Musa, Ibrahimu, Yusufu, Nuhu na Ayubu tumewapata kwa umbo la Kiarabu. Petro na Marko kwa njia ya Kiyunani. Tumeomba kwa majina hayo, na Mungu ametusikia.

Basi, binti yangu, usibatizwe mara ya pili. "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja" (Waefeso 4:5). Mliyemwamini siku ile ndiye aliyezaliwa Bethlehemu akafufuka siku ya tatu, na yeye hakukosea kuwatambua. Mtoto abaki James. Nenda ofisi ya usharika wako. Daftari la ubatizo lipo, watakuandikia cheti kingine.

Kwa mume wako uwe mpole. Amebanwa kati ya mkewe na damu yake, na ukimshindania mbele ya watoto utamsukuma upande wa ndugu yake. Mngoje jioni, watoto wakilala, umsomee haya bila kumwambia "si nilikwambia". Umwambie pia kwamba hulali, maana wanaume wengi hatuyaoni hayo mpaka tuambiwe.

Shemeji yako usimfungie mlango. Kijana huyu ana njaa ya Mungu, na kuna mtu amempa jiwe badala ya mkate. Akija tena, mpe kwanza chakula. Mkishanawa mikono, mpe Biblia mkononi asome kwa sauti Matendo 13:23, kisha ageuze ukurasa asome 14:12, na mumuulize kwa upole kama Luka alikuwa anamtaja mtu mmoja. Na mtoto awepo, asikie jina lake likitajwa kwa heshima na baba yake mdogo.