Anza na Bodi, Injini Itasubiri

Watu wengi wakienda kutazama gari la michezo la zamani hufungua boneti kwanza, wasikilize injini. Mimi nakushauri uanzie chini. Beba tochi, lala chali, kagua bodi kabla ufunguo haujaguswa. Injini iliyokufa fundi anaweza kukutajia gharama yake siku hiyo hiyo. Kutu huwezi kujua imefika wapi mpaka ukate bati.

Nachukua mfano wa MGB, gari dogo la michezo la kampuni ya MG, kwa sababu ndiyo niliyoifufua, na naipenda sana. Iliundwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya magari laki tano, ndiyo maana spea zake bado zinatengenezwa. Tofauti na MGA iliyoitangulia, haina chesisi ya peke yake, yaani fremu ya chuma iliyo chini ya bodi. Bodi yenyewe hubeba kila kitu. Kwenye ile isiyo na paa, nguvu kubwa iko katika vizingiti vilivyo chini ya milango, na kila kizingiti kina tabaka kadhaa za bati. La nje linaweza kung'aa huku la ndani limeoza kabisa. Muuzaji akikwambia vizingiti ni vipya, mwombe picha zilizopigwa kazi ikiendelea. Halafu funga mlango, tazama mwanya unaouzunguka: ukiwa umebana juu na kupanuka chini, gari limeshaanza kulegea kiunoni. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa. Isiposhika, umekutana na puti iliyopakwa kuficha bati bovu. (Boneti za MGB za mwanzo ni za alumini, kwa hiyo hapo usimtuhumu mtu bure.)

Kwenye kuchomelea ndiko magari mengi huharibiwa na watu wenye nia njema. Usikubali vizingiti vyote viwili vikatwe kwa pamoja. Kwanza vichomelewe vyuma vya muda kushikilia uwazi wa mlango, gari likiwa limeegemezwa sawasawa, kisha ufanywe upande mmoja hadi uishe. Bati jipya lishikizwe kwa madoa machache tu ya kuchomelea, mlango ufungwe, mwanya upimwe, ndipo fundi aendelee. Kazi hii inachosha na fundi atanung'unika. Simama naye hapo hapo, kwa sababu bodi iliyochomelewa ikiwa imepinda hainyooshwi na rangi.

Mitambo ni nafuu zaidi: kwa kawaida silinda nne, kabureta mbili za aina ya SU, kila kitu kinafikika kwa mkono. Kama gari limekaa muda mrefu, usipige stata. Toa plagi, tia oili kidogo katika kila silinda, iache ilowe, halafu zungusha injini kwa spana. Petroli ya zamani imwagwe yote. Breki hazina mjadala: mafuta yake hunyonya maji, silinda zikaota kutu kwa ndani, kwa hiyo badilisha mipira na paipu zote hata kama pedali bado ni ngumu.

Rangi iwe ya mwisho, lakini kabla yake funga milango, vioo na mipira mipya ya kuzuia maji kwa majaribio. Mipira mipya mara nyingi ni minene kuliko iliyochakaa, na mlango uliokuwa ukifunga vizuri unaweza kugoma. Afadhali uurekebishe sasa, bati likiwa bado tupu.