Ukishika bomba la maziwa, macho yawe kifuani

Wadogo zangu mnaoanza zamu wodi ya watoto njiti, huenda kazi ya kwanza mtakayokabidhiwa ni kulisha kwa mpira. Wageni hupewa kwa sababu inaonekana nyepesi. Si nyepesi.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 34 kwa kawaida hajamudu kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, hivyo maziwa aliyokamua mama hupitia mpirani hadi tumboni. Lakini watoto wachanga hutegemea sana pua kupumua, na mpira huziba sehemu ya tundu moja. Ndiyo maana anayehema kwa shida mara nyingi huwekewa wa mdomoni, ingawa huo huchomoka upesi na plasta haikai kwenye mate.

Pimeni kutoka puani (au pembeni mwa mdomo) hadi sikioni, kisha hadi katikati ya chembe ya moyo na kitovu. Ingizeni taratibu, kwani kugusa koo kunaweza kushusha mapigo ya moyo ghafla. Vuteni majimaji, pimeni kwa karatasi ya pH (kipimo cha asidi), 5.5 kushuka chini ni dalili nzuri kwamba mmefika tumboni. Kupuliza hewa na kusikiliza kwa stetoskopu hakutoshi, hata mkimwona mkubwa wenu anatumia njia hiyo.

Sasa mwendo wa maziwa. Ondoa kisukumio cha bomba (sirinji), mimina, yashuke yenyewe. Ukiinua bomba yanakwenda kasi, ukilishusha yanapungua. Ukisukuma eti wengine wanasubiri, tumbo hujaa ghafla, likakandamiza kwenda juu, na mapafu yale madogo yakakosa nafasi. Kwa hiyo usilikodolee macho bomba. Tazama kifua, midomo, na namba ya oksijeni kama mashine ipo. Akiacha kupumua kwa zaidi ya sekunde 20, au kwa muda mfupi zaidi lakini mapigo yameshuka chini ya 100 au amekuwa bluu, shusha bomba chini ya usawa wake, mnyooshe shingo kidogo, msugue mgongo au nyayo. Asipoitika, mpe pumzi kwa ambu (mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono) huku ukiita msaada.

Aliye kwenye CPAP (mashine inayosukuma hewa puani kumsaidia kupumua) humeza hewa nyingi. Mpira wake uachwe wazi kati ya mlo na mlo ili tumbo lipumue.

Vipindi vya kuacha kupumua vikizidi ghafla, tumbo likivimba, ukavuta majimaji ya kijani au ukaona damu kwenye choo, usimpe mlo unaofuata. Mwite daktari: yaweza kuwa maambukizi au utumbo unaharibika.

Na mama akiwa amembeba kangaruu, yaani ngozi kwa ngozi kifuani, mlisheni hapohapo. Msikilizeni pia, maana mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuhisi pumzi imekatika.

Kwenye chati, andikeni saa ya mlo na saa ya kuacha kupumua mstari mmoja. Hapo daktari wa raundi ataona kama vipindi vinafuata maziwa, aamue kupunguza kiasi na kulisha kila saa 2 badala ya 3, au atafute chanzo kingine.